Wanalia haiwezekani, kesho gari liko sokoni: kampuni za magari na sheria za moshi

Ndugu yetu mmoja kauliza, nafupisha kidogo maneno yake: "Mtaalamu, kila miaka michache Ulaya na Marekani wanabana viwango vya moshi wa magari, kampuni zinalia kwamba haiwezekani, viwanda vitafungwa, halafu baada ya muda magari yanatoka kama kawaida. Hapo katikati huwa wanafanya nini? Wanatengeneza kweli au wanatupiga changa la macho? Na mbona dizeli yangu ya zamani ilikuwa inakunywa mafuta na kwenda, hii ya sasa ina mataa kibao, chujio, sijui tanki la AdBlue, kila siku inataka kitu?"

Swali zuri kaka, na jibu fupi ni kwamba wanafanya vyote viwili, tena mara nyingi ndani ya kampuni hiyohiyo, chini wahandisi wanahangaika kusafisha moshi kweli na ghorofa ya juu kuna watu wanatafuta mlango wa nyuma. Ila kuna kitu kimoja ukikishika habari nzima inaeleweka: kampuni ya magari haijibu moshi, inajibu kipimo. Sheria haiandiki "hewa iwe safi", inaandika gari hili, likiendeshwa kwa mwendo huu, kwenye joto hili, lisitoe zaidi ya gramu kadhaa kwa kilometa. Mhandisi anaanzia hapo, kwenye karatasi ya kipimo. Kipimo kikibana vizuri unapata gari safi, kikiwa na tundu unapata gari lililochongwa lipite kwenye lile tundu.

Tuanze na kilio. Mwaka 1970 Marekani walipitisha sheria ya hewa iliyotaka magari ya mwaka 1975 yapunguze hidrokaboni na kaboni monoksaidi kwa asilimia 90, na oksidi za naitrojeni (hizi wanaandika NOx, utaziona sana huku mbele) zifuate 1976. Asilimia 90 kwa miaka mitano, na wakati wanapiga kura hakuna mtu aliyekuwa na hiyo teknolojia tayari kiwandani! Kampuni kubwa za Detroit, mji wa viwanda vya magari wa Marekani, zikasema haiwezekani, na kweli mwaka 1973 mkuu wa EPA, shirika lao la mazingira, William Ruckelshaus, akawaongezea mwaka mmoja na kuwapa viwango vya kati kwanza. Sasa wakati watu wanalia hivyo akatokea Honda, ambaye enzi hizo wengi walikuwa wanamjua kwa pikipiki, na injini yake inaitwa CVCC. Ujanja wake ulikuwa mwepesi kuusema: kuna kachumba kadogo pembeni ya plagi kanakopewa mchanganyiko wenye mafuta mengi, unawaka kirahisi, ule moto unatoka kwenda kuwasha mchanganyiko mwepesi wenye hewa nyingi ndani ya silinda. Mafuta yanaungua vizuri, moshi unapungua hukohuko ndani kabla haujafika kwenye ekzosi. Civic ikapita viwango vya 1975 bila kufungwa katalitiki yoyote (kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi, tutakiona sasa hivi).

Wakubwa wakasema sawa, hiyo ni kwa vigari vidogo. Honda wakanunua Chevrolet Impala ya 1973, V8 ya lita 5.7, chuma kweli kweli, wakaichongea silinda hedi za CVCC, wakaipeleka maabara ya EPA kule Ann Arbor, ikapita nayo. Mimi hiki kisa huwa nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinakuonyesha neno "haiwezekani" kwa lugha ya kiwanda lina maana gani. Mara nyingi maana yake ni haiwezekani kwa bei tuliyozoea na mitambo ambayo tumeshailipia.

Wengine wengi walienda njia ya katalitiki, lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi lenye masega ndani yaliyopakwa platinamu na wenzake, na magari ya Marekani ya mwaka 1975 yakaanza kutoka nayo. Hapo likazuka jambo ambalo watu wanalisahau: risasi iliyokuwa inachanganywa kwenye petroli inaipaka ile platinamu na kuiua, kwa hiyo ilibidi petroli isiyo na risasi iwepo kwenye vituo kwanza. Yaani tulianza na moshi wa ekzosi tukaishia kupunguza sumu ya risasi kwenye damu za watoto, na kiwanda cha magari ndo kilichokuwa kinaidai hiyo petroli, maana bila hiyo katalitiki zao zingekufa.

Alafu ikaja katalitiki ya njia tatu, inayosafisha hidrokaboni, kaboni monoksaidi na NOx kwa mpigo mmoja, na hii ndo imekaa kwenye karibu kila gari la petroli unaloliona leo. Lakini ina masharti kama mgonjwa wa tumbo. Inataka hewa kwa mafuta iwe 14.7 kwa 1, ukizidisha mafuta kidogo inashindwa kumalizia kaboni monoksaidi, ukizidisha hewa kidogo inaziacha NOx zipite. Kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, haiwezi kushika kipimo hicho hata ukiibembeleza vipi. Ndo Volvo mwaka 1976 wakatoa magari ya soko la California yenye sensa ya oksijeni ya Bosch kwenye ekzosi, sensa inanusa moshi, inaiambia kompyuta "mafuta yamezidi", kompyuta inapunguza, sensa inanusa tena, "sasa hewa imezidi", inaongeza. Ukiwa na mashine ya kusomea, fungua data ya sensa ya mbele gari likiwa la moto liko sailensa (linaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta), kwa zile sensa za kawaida utaona volti zinaruka kati ya 0.1 na 0.9, juu chini juu chini, haitulii, na fundi mgeni anaweza kudhani sensa mbovu. Hapana, ikitulia ndo uanze kuogopa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba magari ya siku hizi yamejaa kompyuta amlaumu kipimo cha moshi, hicho ndo kilichoizika kabureta.

Mpaka hapo unaona sheria imebana, watu wamelia, watu wametengeneza. Dizeli ndo habari nyingine.

Dizeli inaunguza mafuta kwenye hewa ya ziada, muda wote kuna oksijeni imebaki kwenye moshi, na penye oksijeni nyingi ile katalitiki ya njia tatu haiwezi kuzivunja NOx. Halafu kuna mtego wa pili. Ukifanya moto uwe mkali ndani ya silinda masizi yanapungua ila NOx zinapanda, ukipooza moto kwa kurudisha moshi ndani (ile EGR) NOx zinashuka ila masizi yanaongezeka. Kuruka majivu kukanyaga moto. Na sheria inabana pande zote mbili kwa wakati mmoja: Ulaya kiwango cha NOx kwa gari dogo la dizeli kilikuwa gramu 0.50 kwa kilometa kwenye Euro 3 (hizi Euro ndo ngazi za viwango vyao) mwaka 2000, kikaja 0.25 Euro 4, 0.18 Euro 5, na 0.08 Euro 6 mwaka 2014. Masizi nayo yalibanwa mpaka ikawa huwezi kupita bila kufunga chujio, DPF.

Kwa hiyo haya madude yako ndo hayo kaka. EGR inapooza, DPF inakamata masizi, halafu AdBlue, ambayo ni maji yenye yurea asilimia 32.5, inapuliziwa kwenye ekzosi ya moto, yurea inageuka amonia, amonia inakutana na NOx kwenye katalitiki yake na kinachotoka ni naitrojeni na mvuke wa maji. Kikemia inafanya kazi vizuri sana, sina ugomvi nayo kabisa. Ugomvi ni kwamba inakula AdBlue, kwa hesabu ya kawaida kama lita moja hadi mbili kwa kilometa elfu, na tanki linakula nafasi, na mteja hataki kuambiwa ajaze kitu cha pili. Sasa sikia hii. Julai 2021 Tume ya Ulaya iliwapiga BMW na kundi la Volkswagen faini ya jumla euro milioni 875, siyo kwa gari kuvuka kiwango, bali kwa sababu kati ya 2009 na 2014 wao pamoja na Daimler walikuwa wanakaa vikao na kukubaliana ukubwa wa matanki ya AdBlue na gari litembee umbali gani kabla ya kujaza, na wakahakikishiana kwamba hakuna atakayesafisha zaidi ya kile sheria inachodai. Daimler hakulipa kitu maana ndo aliyekwenda kuwasema wenzake. Soma hapo pole pole: teknolojia ya kusafisha zaidi walikuwa nayo, na wakakubaliana wasishindane nayo. Kwangu mimi hii inasema mengi kuliko hata ile kashfa kubwa ya Volkswagen ya 2015 tutakayoifikia, kwa sababu hapa hakuna programu ya siri, ni watu wenye akili timamu wamekaa mezani wakakubaliana kwamba kilichoandikwa kwenye kipimo kinatosha.

Sasa twende chumba cha kipimo chenyewe, maana ndo kazi iliyonilisha. Mara ya kwanza kuingia nilitegemea kitu cha ajabu, nikakuta gari limefungwa kwa mikanda juu ya rola, feni kubwa mbele, bomba limeshika ekzosi, na dereva anaangalia skrini yenye mstari, kazi yake ni mshale wa spidi ufuate ule mstari basi. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilikuwa sekunde 1180, kama kilometa 11, chumba kina joto la nyuzi 20 hadi 30, na kuna sehemu unapewa sekunde 26 kutoka sifuri mpaka 50. Sekunde 26! Baiskeli inakupita. Na kila kampuni ina huo mstari, inaujua kama mtoto anavyojua njia ya kwenda kwa bibi yake.

Ukishaujua mstari unaanza kulichonga gari liupende. Halali kabisa nyingi ya hizo mbinu: injini inazima yenyewe kwenye taa, kwa sababu kwenye mstari kuna kusimama kwingi. Injini inapunguzwa, kutoka silinda nne kuwa tatu zenye turbo, kwa sababu kwenye mwendo ule wa taratibu injini ndogo inakula kidogo na turbo haiamki, ukikanyaga barabarani turbo inaamka na kompyuta inamwaga mafuta ya ziada ili kuipooza, lakini hapo mpimaji hayupo. Nyingine ziko kwenye ukungu, kama kuziba mianya ya milango kwa tepu, kujaza upepo mwingi kwenye tairi, kuchagua gari jepesi lisilo na vikorombwezo. Matokeo yake ICCT, taasisi ya utafiti wa usafiri safi, ilipolinganisha ulaji wa mafuta wa maabara na wa watu barabarani tofauti ilikuwa kama asilimia 9 mwaka 2001, na kufika 2015 imevuka 40. Hakuna aliyevunja sheria kwa sehemu kubwa ya hiyo tofauti. Ni miaka ya watu werevu kuuzoea mtihani usiobadilika.

Na wengine uwerevu ukawazidi. ICCT hao hao waliwapa Chuo Kikuu cha West Virginia kazi ya kupima dizeli chache barabarani kwa mashine ya kubebeka, unaifunga nyuma ya gari unaondoka nayo. Nia yao haikuwa kumkamata mtu, walitaka kuonyesha kwamba dizeli safi inawezekana, kwamba Ulaya waone Marekani wameweza. Gari mbili za Volkswagen zikatoa NOx nyingi ajabu barabarani wakati maabara zinapita bila shida. Mwaka 2014 ripoti ikatoka, Volkswagen wakaulizwa, wakazunguka, wakasema hitilafu ndogo, wakafanya marekebisho ambayo hayakurekebisha, mwishoni wakabanwa wakakubali, na tarehe 18 Septemba 2015 EPA ikatangaza: programu ya injini ilikuwa inaangalia usukani, spidi, muda injini imewaka na mgandamizo wa hewa, ikiona tairi zinazunguka lakini usukani haugeuki inajua hapa niko kwenye rola, inawasha usafishaji wote. Ukitoka nje inalegeza, NOx zinafika mpaka mara 40 ya kiwango. Magari kama milioni 11 duniani. Mkurugenzi wao Martin Winterkorn alijiuzulu siku tano baadae, na gharama zote zikapita euro bilioni 30. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilidumu miaka sita hivi.

Watu walishtuka kama vile ni mara ya kwanza. Miaka ya 1970 Volkswagen hao hao walilipa dola 120,000 Marekani kwa vifaa vya namna hiyo. Mwaka 1995 General Motors walilipa mamilioni kwa Cadillac zilizokuwa zinaongeza mafuta ukiwasha kiyoyozi, na wakati ule mtihani ulikuwa unafanyika kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mwaka 1998 watengenezaji saba wa injini za malori, Caterpillar na Cummins na Volvo wakiwemo, wakakubali kulipa kwa programu zilizokuwa zinajua lori liko hailwei. Cummins wakarudi tena Desemba 2023, dola bilioni 1.675. Utaona ni wazo lilelile, injini itambue mtihani, kinachobadilika ni sensa tu.

Tofautisha hiyo na kitu kingine kinaitwa dirisha la joto, ambapo kompyuta inapunguza EGR hewa ya nje ikiwa baridi na kampuni inasema ni kulinda injini. Kulinda injini sheria iliruhusu, ila dirisha lenyewe lilikuwa nyuzi 15 mpaka 33, na Ulaya sehemu kubwa ya mwaka iko chini ya 15, kwa hiyo ulinzi ndo ukawa hali ya kawaida. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataa hilo Julai 2022.

Kuna njia ya tatu ambayo haigusi injini kabisa, unabadilisha gari lihesabiwe wapi. Hapa ni upande wa ulaji wa mafuta na kaboni dioksaidi, ambako wanapima wastani wa magari yote uliyouza. Marekani magari madogo yalitakiwa kufika maili 27.5 kwa galoni wakati "malori mepesi" yalitakiwa 20.7 tu, kwa hiyo Chrysler PT Cruiser, kigari cha kwenda nacho sokoni, viti vya nyuma vikawa vinatoka na sakafu inakuwa bapa, tayari kimekuwa lori na kinapandisha wastani wa malori. Subaru wakaiinua Outback ya 2005 kidogo ili nayo iwe lori. Watu wanauliza kwa nini barabara za Marekani zimejaa magari marefu, sababu ziko nyingi lakini hii ni mojawapo. Ulaya Suzuki Jimny ilikuwa inatoa zaidi ya gramu 150 za kaboni kwa kilometa, inawaharibia wastani, wakaitoa sokoni kama gari la abiria, halafu 2021 ikarudi injini ileile, viti vya nyuma vimeng'olewa, jina ni gari la mizigo. Limepungua nini kwenye moshi? Viti.

Ulaya faini ni euro 95 kwa kila gramu uliyozidi, kwa kila gari. Piga hesabu: umezidi gramu 5, umeuza magari milioni moja, unadaiwa euro milioni 475. Ukiiona hiyo namba utaelewa kwa nini Aston Martin mwaka 2011 waliuza Cygnet, ambayo ni Toyota iQ imevalishwa ngozi, na kwa nini Fiat Chrysler mwaka 2019 waliingia kundi moja na Tesla ili wahesabiwe pamoja, wakamlipa Tesla. Hiyo ni biashara kamili, mwaka 2024 Tesla waliingiza dola bilioni 2.76 kwa kuuza krediti tu, yaani usafi wa magari yake uhesabiwe kwa mwingine, karatasi, hakuna hata boliti moja iliyofungwa. California walianza hili zamani, mwaka 1990 waliamuru asilimia 2 ya magari ya 1998 yasitoe moshi kabisa, baadae wakalegeza, na huko ndo yalikotokea magari ya umeme ya kutimiza wajibu. Sergio Marchionne wa Fiat alisema hadharani mwaka 2014 kwamba anatumaini watu hawatanunua 500e yake ya umeme maana kila moja inampa hasara ya dola 14,000. Bosi anaomba wateja wasinunue!

Haibridi za kuchaji, zile zenye injini ya mafuta pamoja na betri ya kuchaji, nazo ziko kundi hili. Kwenye kipimo inahesabiwa kwamba mwenyewe anachaji mara kwa mara, gari linaandikiwa gramu chache sana, kumbe kuna wengi wanapewa na kampuni pamoja na kadi ya mafuta, waya wa kuchajia bado uko kwenye nailoni. Tume ya Ulaya ilipochukua data kutoka kwenye magari yenyewe, ripoti yao ya 2024 ikasema kaboni halisi ni mara 3.5 ya iliyoandikwa kwenye cheti. Na ona upande wa pili, Julai 2025 Marekani walishusha faini ya CAFE, ile sheria yao ya wastani wa ulaji wa mafuta, mpaka sifuri. Sheria imo kwenye kitabu bado, ila kiwango kisicho na faini ni ushauri, na soko la zile krediti lilielewa hivyo haraka kuliko wanasiasa.

Sasa usije ukadhani mimi nasema ni utapeli mwanzo mwisho. Baada ya 2015 Ulaya walibadilisha kipimo, kuanzia Septemba 2017 kukawa na WLTP maabara na juu yake kipimo cha barabarani, RDE, gari linabeba mashine nyuma, dakika 90 hadi 120, mjini, vijijini na hailwei, hakuna mstari wa kukariri. Mwanzoni waliruhusu NOx kuzidi mara 2.1, baadae wakabana. Na kampuni zikajibu kama kawaida yao, kipimo kimehamia barabarani na usafi ukahamia barabarani: AdBlue ikaanza kupuliziwa kwa kiasi kinachotakiwa, matanki yakakua, petroli za sindano ya moja kwa moja (mafuta yanapuliziwa ndani ya silinda yenyewe) zikafungwa chujio la masizi, hata injini zilizokuwa zimepunguzwa kupita kiasi zikaongezwa kidogo, Volkswagen wakaachana na 1.4 wakaleta 1.5. Dizeli nyingi za baada ya hapo ni safi kweli kwenye NOx, nimezipima, nasema kwa mdomo wangu.

Ila bei haikimbiwi. Seti ya kusafisha moshi wa dizeli haipungui bei kwa sababu gari ni dogo, kwa hiyo gari la bei kubwa linaimeza na kigari kidogo kinashindwa. India waliruka kutoka kiwango cha nne moja kwa moja kwenda cha sita tarehe 1 Aprili 2020, cha tano hawakukigusa, na Maruti Suzuki, muuzaji mkubwa kuliko wote kule, akaacha dizeli kabisa. Hilo nalo ni jibu, kuacha.

Turudi kwenye gari lako sasa. Chujio lako linajaza masizi na kila baada ya muda kompyuta inayachoma, inahitaji joto la kama nyuzi 600 kwenye ekzosi, na ili kulipata inapulizia dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko. Wewe kama safari zako ni dakika kumi kumi, inaanza kuchoma, unazima, kesho inaanza upya, unazima, mpaka taa inawaka. Ukiona feni inazunguka kwa nguvu, sailensa imepanda kidogo na ulaji umeongezeka, usizime, litoe barabara ndefu dakika kama ishirini, mzunguko usishuke sana chini ya elfu mbili, lijichome limalize. Fundi akikwambia tulitoboe chujio ubaki na bomba tupu, gari litakwenda vizuri tu, ila ujue masizi yote yale yatakuwa yanatoka nyuma, na mwenye nayo puani siyo fundi.

AdBlue ikiisha injini ikizimwa haiwaki tena, na hapo usimlaumu mtengenezaji, sheria ndo imemwagiza afanye hivyo maana walijua bila kukufungia hutajaza. Usiimimine kwenye tanki la dizeli, hata kidogo, na ukikosea usigeuze hata swichi, ita mtu aitoe kwenye tanki kwanza. Na ile dizeli ya ziada ya kuchomea chujio, ikikatizwa katizwa nyingine inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili mara kwa mara, ukikuta kiwango kimepanda badala ya kushuka usifurahi, kanusie, kikinuka dizeli badilisha oili wiki hiyo hiyo.